Kiungo

Walipokuja nyumbani Uyole kusema
kwamba mtoto wenu ni kiungo,
mama alikuwa anamenya viazi.
Akauliza bila kuinua kisu,
"Kiungo gani? Bizari au tangawizi?"
Kocha Mwalyego akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.
Mimi sikucheka. Niliona swali lina haki yake.

Maana Ambwene hakuwa mtu wa magoli.
Magoli walifunga wengine,
wakabebwa mabegani hadi Igawilo,
naye akawafuata nyuma, njumu mkononi,
njumu za kuazima, ya kushoto namba saba, ya kulia namba nane,
iliyozidi akaijaza soksi ya baba.

Wanaomsifu siku hizi husema ana macho kisogoni.
Husema kazaliwa nayo.
Hapana. Mimi nilikuwepo.
Macho yale tuliyapata barabarani,
barabara kuu ya Tunduma, saa kumi na moja alfajiri,
mwezi wa sita, ukungu mzito kama uji wa ulezi,
kila mmoja na debe lake la viazi kichwani.
Malori hayakuona watoto.
Nilimwambia: mdogo wangu, kabla hujakanyaga lami
tazama kulia, kushoto, kulia tena,
na mzigo usitikisike.
Usingoje honi. Honi ni habari iliyochelewa.

Basi. Darasa lake la kwanza ni hilo.

Kituo kilimchukua ana miaka kumi na mitatu.
Iyunga, vitanda vya chuma, blanketi moja moja,
maharage yenye mawe,
uwanja ulioinamia upande wa reli
hata mpira ukipotea walijua pa kuutafuta.
Vijana ishirini na wanne. Baadhi nawakumbuka:
Lugano mwenye shuti la kung'oa mlango,
sasa ana bodaboda pale Mafiati;
kipa mrefu wa Makete, aliyekuwa akilia usiku;
mapacha wa Chimala, waliorudishwa kwa ajili ya ada.
Wote walikuwa na miguu.
Sitamdanganya mtu: wengine walikuwa na miguu kumzidi.

Mwaka wa tatu kikateguka kiungo,
kile kingine, cha mguu.
Mama akakikanda kwa maji ya moto na chumvi,
akasema, "Leo nimelielewa neno lenu.
Kikiwa kizima hukikumbuki.
Kikiuma, mwili wote unaketi."
Miezi minane aliketi.
Dirishani alihesabu malori,
na kabla halijatokeza kwenye kona
alishajua kama limebeba shaba au limerudi tupu.

Mkataba alisaini kwa kalamu ya kuazima.
Mshahara wa kwanza: bati kumi na nne,
deni la mbolea,
na njumu, jozi moja, miguu yote namba nane.

Halafu Jumamosi ile, Uwanja wa Sokoine,
Loleza kajifunika wingu mpaka mabegani,
dakika ya sabini na moja, rasharasha,
wakainua ubao: thelathini na mbili.
Mtangazaji akalikosea jina.
Hakujua kwetu lina maana: ameniona.
Mama kakalia mfuko mtupu wa mbolea,
hataki saruji ya jukwaa iloweshe kitenge cha sikukuu.

Mpira ukatoka kwa beki, mzito, umekunywa maji.
Kabla haujamfikia nikamwona.
Kulia.
Kushoto.
Kulia tena.
Shingo imenyooka, kana kwamba debe bado lipo.
Na nyuma yake jitu la jezi nyekundu
linateremka kwa kasi yote ya Mlima Nyoka,
wala halipigi honi.

Uwanja mzima ukapiga kelele, "Nyuma! Nyuma!"
Mama akanishika mkono.
Nami nikasema taratibu, kwa sauti ya alfajiri,
sauti ambayo yeye tu aliwahi kuisikia:
vuka.